Siku Mruka-Ghorofa Alipocheka Handeni

Saa saba na dakika kumi na mbili mchana, siku ya mnada, Mruka-Ghorofa alicheka. Watu mia moja na kumi na wanane walimwona. Mimi nilikuwa nimesimama kushoto kwa televisheni, maiki mkononi, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimewaambia watu hao hao kwamba mtu yule ameapa kutocheka.

Saa na idadi nimezinakili kutoka daftari langu la nne. Nimeacha kazi mwezi uliopita, baada ya miaka mingi ya kutafsiri filamu katika mabanda ya video ya Korogwe na Handeni. Ninyi mnaoifanya kazi hii leo mmeketi mbele ya kompyuta, na mkikosea mnafuta. Mmeniomba niandike ilivyokuwa sisi tulipokosea mbele ya watu. Nitaandika kwa mpangilio. Habari za mshahara nitaziruka, kwa sababu ni fupi.

Nilizaliwa Mkumbara. Baada ya darasa la saba niliuza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi pale Mombo, na Kiingereza changu kilianzia kwenye magazeti ya kufungia chumvi ya mayai hayo. Kila ukurasa niliusoma kabla ya kuuchana. Kamusi niliyonunua ilikuwa imepoteza kurasa za mwanzo, ikaanzia herufi D, kwa hiyo kwa muda mrefu maneno ya A, B na C niliyakisia. Jioni nilisikiliza redio ya masafa mafupi na kuandika maneno ishirini. Sikuwa na mwalimu, na sikuwa na haraka.

Kisha zikaja zama za ruksa, bidhaa zikaanza kuingia. Watu waliokuwa wamezoea kupanga foleni ya sabuni wakaona deki za video zimepangwa dukani kama mikate. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja wakati huo. Televisheni ilikuwa sanduku la kuonyeshea kanda, basi. Mama Salama, mfanyabiashara wa vitenge pale Korogwe, alinunua televisheni moja na deki moja, akapanga ghala lililokuwa la katani, akaweka mabenchi. Mtafsiri wake alikuwa Mzee Mhina, Mzigua mwembamba aliyezunguka vijijini miaka mingi na gari la sinema la serikali, akiwaeleza wakulima kwa kipaza sauti faida za choo.

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia kwa kulipa kiingilio. Mzee Mhina alitafsiri sentensi moja vibaya, nami nikamsahihisha kwa sauti, kutoka benchi la nyuma. Akasimamisha mashine.

"Wewe wa mayai," akasema, "njoo hapa mbele."

Nikaenda. Akanipa maiki, akawasha mashine tena, akaenda kukaa kwenye nafasi yangu. "Haya, endelea. Sisi tunakusikiliza."

Kwa dakika nne sikusema neno hata moja. Kila nilipomaliza kupanga sentensi, wazungu walikuwa wameshahamia nyingine. Watu walinizomea. Mtu mmoja akauliza kama nami nimelipa ili nitazame kwa karibu. Mzee Mhina aliponipokonya maiki aliniambia nirudi kesho, nisije na mayai.

Alinifundisha mambo ambayo bado nayaamini. Mtafsiri anywe maji ya uvuguvugu, yasiwe ya baridi. Asimame kushoto, kwa sababu watu wengi hutazama kulia kwanza na kivuli chake hakitawasumbua. Hili sijawahi kulithibitisha, lakini nimesimama kushoto maisha yangu yote. Risasi zikilia anyamaze. Na kila mhusika apewe jina linaloonekana kwa macho, kwa sababu kwa mtu aliyeketi benchi la mwisho wazungu wote wanafanana. Ndiyo maana shujaa wetu mwenye joho la kijivu aliitwa Mruka-Ghorofa. Jina lake la Kiingereza siliandiki hapa, hakuna aliyelitumia.

Jambo lingine alilonifundisha ni daftari. Filamu ikiisha alisimama mlangoni na kumuuliza kila anayetoka swali moja: "Umeonaje?" Jibu aliliandika kama lilivyotamkwa, bila kulipamba. Nilifanya hivyo kwa filamu zote nilizotafsiri. Hasara ya utaratibu huo ni kwamba huwezi baadaye kujidanganya kwamba walikupenda.

Mwaka wa pili Mama Salama alinunua televisheni nyingine na jenereta, akafungua banda la pili Handeni, karibu na uwanja wa mnada. Mimi ndiye niliyepewa banda hilo. Televisheni tulikuwa tunaisafirisha kwa basi, imeviringishwa kwenye godoro, ikilipiwa nauli ya mtu mzima. Madirisha tuliyaziba kwa magunia ili pawe na giza mchana. Vumbi la kule liliingia kwenye deki kila saa, nikawa nafuta kichwa chake kwa spiriti na kitambaa cha pamba kabla ya kila onyesho. Jenereta ikichoka picha ilisinyaa, na watu wanene wakawa wembamba. Ng'ambo ya pili ya mnada palikuwa na banda jingine, lenye filamu za ngumi zisizo na mtafsiri, kwa shilingi thelathini. Letu lilikuwa hamsini. Zile ishirini za ziada zilikuwa sauti yangu.

Mruka-Ghorofa sehemu ya kwanza ilitufikia humo. Ilikuwa filamu nzito. Mvua ilinyesha tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyetabasamu, na wabaya walimtupa baba yake shujaa kutoka juu ya daraja. Lakini kanda ilikuwa nakala ya nakala, na aliyeinakili alitumia kanda fupi kuliko filamu. Ilikatika shujaa akiwa amepiga magoti kwenye mvua mbele ya msalaba. Baada ya hapo zilifuata chenga nyeupe za kioo kisicho na picha.

Banda lilikuwa limejaa. Nilijua kwamba nikiwaambia mwisho haupo, watadai fedha zao. Basi nikaendelea kusema juu ya zile chenga, kama vile nasikia maneno: "Akaapa: Baba, sitacheka tena, sitaonyesha jino langu kwa mtu, mpaka siku nitakapompata aliyekuua." Nikazima mashine taratibu.

Walipiga makofi. Katika daftari mtu mmoja anasema, "Huyu ndiye mwanamume," na mwingine, "Kiapo hiki kimenitoa machozi na mimi si mtu wa machozi." Nilikirudia kiapo kile Korogwe, nikakirudia Handeni mnada baada ya mnada, na kila mara nilikiboresha kidogo. Ikafika mahali mtu mwenye uso wa kununa sokoni akaitwa Mruka-Ghorofa.

Mtazamaji mwaminifu kuliko wote alikuwa Mzee Lekishon, mfugaji kutoka nyika za upande wa Sindeni. Akishauza ng'ombe alikuja kuketi benchi la mbele, fimbo magotini, akaitazama filamu ile ile. Aliitazama mara tano. Swali langu la mlangoni alilijibu kwa swali: "Ya pili inakuja lini?"

Ya pili ilikuja baada ya mwaka, kwa basi la Tanga, siku mbili kabla ya mnada. Kanuni yangu ilikuwa kuitazama kila filamu mara mbili peke yangu kabla ya kuwatafsiria watu. Siku hizo mbili Korogwe haikuwa na umeme, na jenereta ilikuwa Handeni. Nilimwomba Mama Salama tuahirishe.

"Tuahirishe mnada?" akaniuliza. "Nenda kawaambie ng'ombe."

"Mama, sijui ndani kuna nini."

"Ndani kuna Mruka-Ghorofa. Ubao nimeshauandika." Kisha akaniambia jambo alilokuwa amelihifadhi. Banda la Handeni lilikuwa halijarudisha gharama za jenereta. Mnada huu ndio wa kulipima. Watu wakiondoka wameridhika, linabaki. Wakiondoka na kinyongo, televisheni inarudi Korogwe, na Korogwe tayari ina Mzee Mhina. "Watafsiri wawili kwa televisheni moja sina uwezo nao, mwanangu. Utarudi kwenye mayai yako."

Siku yenyewe naye alikuja, akakaa mlangoni kupokea viingilio. Mzee Lekishon alifika akiwa na wanaume sita, mmoja wao mkongwe aliyeshikwa mkono. Nikamwamkia Mzee Lekishon shikamoo, akaitikia, akanieleza kwa fahari: "Hawa ni wakwe zangu. Yule ni baba wa mke wangu. Nimewaambia habari za mtu anayejua kushika neno lake. Leo wamwone."

Saa saba kamili niliwasha. Dakika kumi za kwanza zilikuwa za kuruka na kuvunja vioo, nikazimudu. Saa saba na dakika kumi na mbili shujaa aliingia sebuleni kwake, keki kubwa ikamwangukia kichwani, naye akacheka mpaka akashika mbavu. Waliokuwa pale sebuleni wakacheka pia. Hakukuwa na tone la mvua. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, akatoka baba yake, amevaa aproni, akauliza nani anataka chai.

Waliotengeneza filamu walikuwa wamebadili nia. Ya kwanza ilikuwa ya kilio, ya pili wakaifanya ya mzaha. Na baba, inaonekana, alikuwa ameokolewa katika zile dakika ambazo sisi hatukuzipata. Mimi nilielewa yote hayo kwa muda wa sekunde tatu. Banda zima lilinitazama mimi badala ya televisheni.

Nikafungua mdomo. "Huyu," nikasema, "ni baba yake mdogo, mdogo wake marehemu. Amekuja kuangalia nyumba ya kaka yake. Na hawa wanaocheka ni watani. Leo ni siku ya kuondoa matanga, watani wamemmwagia keki, kama desturi, na mfiwa amelazimika kucheka."

Nakiri kwamba nilijisikia fundi. Wazigua na Wasambaa waliokuwa ndani walielewa mara moja. Hakuna msiba kwao usio na mtani anayemtania mfiwa mpaka acheke. "Aaa, watani!" mama mmoja muuza chai akasema. "Hawana adabu hata Ulaya." Kuanzia hapo kila mzaha niliupa mtani. Shujaa akiteleza, ni mtani kamwaga mafuta. Polisi akipoteza suruali, mtani kaificha. Watu walicheka kuliko nilivyopata kuwasikia wakicheka, na kule mlangoni Mama Salama aliniinulia kidole gumba.

Zikiwa zimebaki dakika ishirini, kamera ilimsogelea yule baba. Mzee Lekishon akasimama, akaielekeza fimbo yake kwenye kioo.

"Simamisha hiyo mashine."

Nikasimamisha. Picha ikabaki inatetemeka.

"Mtafsiri, huyu ni nani?"

"Ni baba mdogo, mzee."

"Tazama sikio lake la kulia. Limekatika ncha. Yule aliyetupwa darajani sikio lake la kulia lilikatika ncha. Pale pale."

"Kaa chini mzee, unatuzibia!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Mwingine akasema, "Ni ndugu hao, damu moja, masikio yanafanana." Kicheko kikapita.

"Damu haikati sikio," akasema Mzee Lekishon bila kugeuka. "Mimi nina ng'ombe wengi, na kila mmoja namjua kwa sikio. Nitashindwa na mzungu mmoja?"

"Ni pacha!" mama muuza chai akanisaidia. "Mtafsiri, si ni pacha?"

Wakwe walikuwa wakimtazama Mzee Lekishon, si televisheni. Shemeji yake mmoja alimwambia kwa Kiswahili, ili wote tusikie, kwamba huenda na ng'ombe anaowahesabu nyumbani ni wa jirani. Watu wakacheka sana. Yeye hakumgeukia. Alikuwa ananingoja mimi.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na nilikuwa nimepewa bure. Nikisema pacha, watu zaidi ya mia moja wanaondoka wamefurahi, banda linabaki, kazi inabaki, na mtu aliyeitazama kazi yangu mara tano, kwa makini kuliko mtu mwingine yeyote, anakuwa kipofu mbele ya baba wa mke wake. Nilikunywa maji. Yalikuwa yameshapoa.

"Mzee umeona sawasawa," nikasema kwenye maiki. "Ni baba mwenyewe. Hakufa. Watani hawapo, nimewatia mimi. Na kile kiapo cha mwaka jana hakikuwemo kwenye filamu. Kanda ilikatika, nikakitunga."

Kelele zilizofuata sitazieleza; daftari linasema tu "kelele, dakika sita". Nakumbuka kandambili moja iliyonipita karibu na shavu, na sauti ya Mama Salama, "Umenimaliza! Umenimaliza na jenereta yangu!" Niliwatangazia kwamba anayeona amedhulumiwa apite mlangoni arudishiwe hamsini yake, na zitoke kwangu.

Katikati ya zogo lile yule mkongwe, baba mkwe, aliinuka. Akamwuliza Mzee Lekishon kitu kwa Kimaasai, akajibiwa, akaisogelea televisheni mpaka pua ikakaribia kioo. Akalitazama lile sikio kwa muda. Kisha akageuka na kusema kwa Kiswahili cha taratibu, "Limekatwa. Mkwe wangu anaona." Akarudi kukaa. Yule shemeji wa mizaha akaanza kuchunguza kamba za viatu vyake.

Mzee Lekishon hakuja kuchukua fedha. Alinijia na kusema, "Wewe ni mwongo mwenye sauti nzuri. Sasa irudishe mwanzo. Safari hii sema wanayosema wao."

Saa tisa kasorobo nikaanza upya, bure kwa waliokuwa ndani. Nilitafsiri neno kwa neno, kwa uangalifu, kama mtu anayeweka mawe kwenye mizani. Ilikuwa kazi yangu sahihi kuliko zote, na banda lilikuwa kimya kama zahanati. Mizaha mingi ilikuwa ya mambo ya kwao. Mmoja ulihusu bima ya gari. Humo ndani hakuna aliyekuwa na gari. Keki ilipomwangukia shujaa, bila mtani wa kuimwaga, ikawa chakula kilichoharibika tu. Mzee Lekishon peke yake alicheka mara mbili, sehemu nisizotegemea, pale baba alipomgombeza shujaa kwa kuchelewa kurudi nyumbani.

Nilisimama mlangoni na daftari. Mwalimu mmoja wa shule alisema filamu imeshuka hadhi, shujaa hawi mchekeshaji. Fundi baiskeli alisema afadhali hii, ya kwanza ilimfanya alale na mawazo. Kijana wa duka la rejareja alitaka kujua kwa nini mtu mwenye nguvu za kuruka ghorofa anaogopa baba yake, na mzee wa kanzu aliyekuwa nyuma yake akamjibu kwamba hilo ndilo jambo la pekee la kweli katika filamu nzima. Mama muuza chai alisema, "Ile yako ya watani ilikuwa tamu. Hii yao haina chumvi. Ungenyamaza, baba." Baba mkwe alisema hajui, alikuja kwa ajili ya mkwewe. Na Mzee Lekishon, kwa mara ya kwanza, alijibu swali lenyewe: "Nzuri. Baba yupo hai. Kwa nini asicheke?"

Mama Salama alirudi na televisheni Korogwe, godoro na kila kitu, nami nikahesabu kwamba kazi imekwisha. Mnada uliofuata ulipokaribia, wafanyabiashara wa Handeni waliokuja Korogwe kununua bidhaa walimpitia dukani kumwuliza kwa nini banda limefungwa. Wote waliuliza jambo lile lile: filamu ijayo itakuwa "ya kwao" au "ya mtafsiri"? Alifikiri kwa siku tatu. Siku ya nne aliniita, akanipa chaki, akaniamuru niandike ubao wenye mistari miwili: saa saba, Ya Kwao; saa tisa, Ya Kwetu; kila moja kwa kiingilio chake. Wako waliotazama zote mbili na kubishana barabarani mpaka Sindeni. Nilifanya kazi hivyo Handeni miaka sita, mpaka vituo vya televisheni vilipoanza na watu wakaanza kununua zao, kisha nikaendelea Korogwe. Sijawahi tena kutafsiri chenga.

Nimeulizwa na baadhi yenu kama ukweli ule ulinigharimu sana. Baada ya kukiri kwenye maiki, waliokuja mlangoni kudai fedha walikuwa wawili. Wengine saba walikuja baada ya onyesho la pili, lile la bure, wakisema ile ya kweli haikuwa na thamani ya muda wao. Niliwalipa wote tisa. Ilikuwa shilingi mia nne na hamsini.